Ukanda wa Dhahabu: Sehemu ya Pili

ILIPOISHIA JUMAPILI ILIYOPITA: Ni kiangazi cha mwaka 1385. Mfalme Richard wa Pili, kijana wa miaka 18, anaivamia Scotland na jeshi la maelfu. Humo msafarani Sir Richard Scrope, bwana wa Bolton huko Yorkshire, anamkuta Sir Robert Grosvenor wa Cheshire amevaa nembo ileile anayoivaa yeye: uwanja wa buluu uliokatwa mshazari na ukanda mmoja wa dhahabu. Hakuna anayekubali kuivua. Kila mmoja anaapa kwamba ameirithi kwa babu zake waliovuka bahari pamoja na William Mshindi mwaka 1066. Shauri linafikishwa mbele ya Konstebo Mkuu wa Uingereza, na mashahidi wanaanza kusakwa kila pembe ya nchi...

SASA ENDELEA.

Shahidi aliyefika tarehe 15 Oktoba 1386 hakuwa bwana wa ngome wala mtoto wa bwana wa ngome. Baba yake aliuza mvinyo London. Yeye mwenyewe alikuwa amesimamia ushuru wa sufu kwenye forodha ya London kwa zaidi ya miaka kumi, na mwezi ule alikuwa bungeni akiwakilisha Kent. Jina lake Geoffrey Chaucer. Hadithi za Canterbury, kitabu kilicholibeba jina lake hadi leo, kilikuwa bado mbele yake.

Walimsikiliza katika ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa Westminster. Karani akaandika kwa Kifaransa, lugha ya baraza lile: Geoffrey Chaucer, mpambe, umri miaka 40 na zaidi, ameshika silaha miaka 27. Shahidi wa upande wa Scrope.

Je, nembo ile ni ya Scrope? Ndiyo. Amejuaje? Hapo Chaucer akawarudisha nyuma hadi ujana wake, Ufaransa, karibu na mji wa Rethel, katika safari ya vita ya Mfalme Edward wa Tatu. Kule alimwona Sir Richard amevaa ukanda wa dhahabu juu ya buluu. Akamwona pia Sir Henry Scrope, wa tawi jingine la ukoo huo, akiwa na bendera yake na nembo ileile, ila imeongezwa alama nyeupe. Aliwaona hivyo safari nzima, mpaka siku alipotekwa na Wafaransa. Mfalme alitoa pauni 16 kuchangia fidia ya kumkomboa.

Msomaji, ishike hiyo alama nyeupe, maana ndiyo itakayotusumbua baadaye. Katika sheria za nembo, ukoo mmoja unashiriki nembo moja, lakini mkubwa wa ukoo ndiye anayeivaa tupu. Ndugu, binamu na watoto wanaongeza kitu: alama juu, nyota, au mstari wa kuzunguka. Kwa hiyo mtu akiiona nembo ya Scrope yenye alama nyeupe, anajua mara moja kwamba huyu ni damu ya Scrope ila si mwenye nyumba. Rangi ilitaja jina, na ile nyongeza ikataja mahali pa mtu katika ukoo.

Kisha likaja swali ambalo upande wa Scrope ulikuwa na haki ya kuliogopa. Je, shahidi amewahi kusikia kwamba Sir Robert Grosvenor, au yeyote wa ukoo wake, aliwahi kudai nembo hiyo?

Chaucer alijibu kwamba hapana. Halafu, kwa kuwa alikuwa chini ya kiapo, akaongeza jambo. Siku moja alikuwa akipita mtaa wa Friday Street, London. Akaona kibao kipya kimetundikwa nje ya nyumba moja ya wageni, na juu yake imechorwa nembo anayoifahamu vizuri. Akauliza ni nyumba gani hii iliyotundika nembo ya Scrope. Mtu mmoja pale akamsahihisha: hiyo haikuchorwa kwa ajili ya Scrope, bali imewekwa na bwana mmoja wa Cheshire aitwaye Sir Robert Grosvenor. Ndiyo mara ya kwanza, alisema Chaucer, kulisikia jina la Grosvenor maishani mwake.

Nauona ushahidi huu kuwa upanga wa makali mawili. Scrope aliupenda, kwa sababu ulionyesha kwamba mtu mzima wa London, aliyekuwa vitani na kwenye ofisi za serikali, alikuwa hajawahi kumsikia Grosvenor. Lakini hebu mweke mwizi badala ya Grosvenor. Je, mwizi wa nembo angeitundika kwenye mtaa wa watu wengi, katikati ya London, kila mpita njia aione?

Mtu aliyekiweka kibao kile aliamini kwamba nembo ni yake.

*

Wapo watakaouliza: mzee wa karibu miaka 60, aliyekuwa Mweka Hazina wa Uingereza na Kansela mara mbili, mwenye ngome mpya anayoijenga katika bonde la Wensleydale, ana haja gani ya kuhangaika na rangi mbili juu ya ngao?

Tuanze na vita. Askari wa farasi wa zama zile aliingia mapambanoni kichwa chake kimefunikwa chuma. Mama yake mzazi asingemtambua. Kilichomtambulisha ni nembo: kwenye ngao, kwenye vazi lililovaliwa juu ya chuma, kwenye bendera. Ndiyo maana wapiga mbiu wa mfalme, waliokuwa wataalamu wa nembo, walishika kanuni moja kwa ukali: dhahabu na fedha zisikae juu ya nyenzake, wala rangi isikae juu ya rangi. Dhahabu juu ya buluu inaonekana ng'ambo ya uwanja wa vita hata kwenye vumbi. Kwa nembo hiyo wenzako walijua wapi pa kukusanyikia, na adui alijua kama unafaa kuuawa au kutekwa ukombolewe kwa fedha. Nembo ya vitu viwili tu, isiyo na simba wala tai wala maua, ilihesabiwa kuwa ya kale na ya heshima kubwa, kwa sababu waliotangulia ndio waliowahi kuchukua zilizo nyepesi.

Lakini kwa Scrope palikuwa na kidonda kingine, na kukielewa kidonda hicho ndiko kuielewa kesi nzima.

Baba yake, Sir Henry, hakupata jina kwa upanga. Alikuwa mwanasheria, akapanda mpaka akawa Jaji Mkuu wa mahakama ya mfalme. Ndugu wa baba yake, Sir Geoffrey, akafuata njia hiyohiyo na kufika kiti hichohicho. Matawi yote mawili ya ukoo, la Bolton na la Masham, yalitajirika kwa kazi ya sheria. Na kulikuwa na minong'ono. Watu wa kaskazini walisema pembeni kwamba hawa akina Scrope ni makarani waliofanikiwa, kwamba mtu aliyepata riziki kwa kalamu hawezi kuitwa mwungwana. Kama minong'ono hiyo ingekuwa kweli, basi nembo yao nayo ilikuwa ya juzi, na Grosvenor alikuwa na hoja.

Ndiyo sababu namwona shahidi aitwaye Thirlwall, mpambe kutoka kaskazini, kuwa muhimu kuliko mabwana wakubwa wote waliomtangulia. Yeye hakuzunguka. Alilisema lile tusi mbele ya makarani: aliwahi kusikia watu wakibishana kwamba baba wa Sir Richard si mwungwana kwa kuwa alikuwa jaji. Naye akaenda kumuuliza mzazi wake. Mzee akamweleza kwamba Henry alipelekwa na wazazi wake kusomea sheria, lakini damu yake ni ya waungwana wa tangu enzi ya William Mshindi. Na maneno hayo, alisema Thirlwall, yalitoka kwa mzee wa ukoo wake aliyekuwa mpambe mkongwe kuliko wote wa kaskazini, aliyefariki akiwa na umri wa miaka 145.

Karani aliiandika hiyo 145 bila kuipinga. Sisi tunaweza kutilia shaka hesabu ya miaka, lakini tuangalie jinsi baraza lile lilivyofanya kazi. Hapakuwa na rejista ya nembo ya kufungua na kusoma. Hapakuwa na cheti cha kuzaliwa. Nasaba ilihifadhiwa vichwani mwa wazee, ikapokewa na vijana waliokaa miguuni pao, na mtu asiye na wazee wa kumsemea alikuwa hana ukoo.

Basi Scrope akawatafuta wazee. Huko Devon makarani walimfuata Sir John Sully nyumbani kwake, mzee wa miaka 105 kwa maelezo yake mwenyewe, aliyeshika silaha kwa miaka 80. Sully alikuwa amepigana Halidon Hill mwaka 1333, Crécy, Poitiers, hadi Nájera huko Uhispania mwaka 1367. Akathibitisha kwamba katika vita vikubwa alivyopigana, ukanda wa dhahabu aliouona ulikuwa wa akina Scrope. Wengine wakasema babu yao, Sir William, alipata cheo chake cha ushujaa kwenye vita vya Falkirk, kabla mwanawe hajaketi kwenye kiti chochote cha jaji. Kutoka Yorkshire wakaja maabati na watawa. Hao walieleza walichonacho makanisani mwao: vioo vya madirisha vyenye nembo hiyo, mavazi ya misa yaliyotariziwa nembo hiyo, na kule katika abasia ya Mtakatifu Agatha, karibu na Richmond, makaburi ya akina Scrope yaliyochongwa nembo hiyo kwenye mawe.

Mji wa Plymouth nao ukageuka mahakama. John wa Gaunt, Duke wa Lancaster na baba mdogo wa mfalme, alikuwa pale na jeshi lake akisubiri upepo wa kwenda Uhispania, na mashahidi wakahojiwa hukohuko kabla meli hazijang'oa nanga. Gaunt mwenyewe alimsemea Scrope. Mwanawe Henry Bolingbroke alimsemea. Henry Percy, kijana wa kaskazini aliyeitwa Hotspur, alimsemea.

Kwa orodha ya namna hiyo, nani angemwonea Scrope wasiwasi?

*

Septemba ya mwaka huohuo, mjini Chester, upande wa pili nao ulikuwa unajaza kurasa zake.

Sir Robert Grosvenor hakuwa na binamu wa mfalme wala majaji katika ukoo. Alikuwa mwungwana wa mashambani, bwana wa Hulme, aliyepigana Ufaransa chini ya Sir James Audley. Alichokuwa nacho ni Cheshire. Mashujaa wa farasi, wapambe na maabati wa Cheshire na Lancashire walikuja mmoja baada ya mwingine na kuapa kwamba tangu wapate akili wamemjua Grosvenor kwa ukanda wa dhahabu, na kwamba walisikia hivyohivyo kwa baba zao. Abati wa Vale Royal alieleza nasaba yake mtu kwa mtu, kuanzia babu aitwaye Gilbert aliyefika pamoja na Hugh, yule Earl wa Chester wa zama za William Mshindi.

Kutoka Wales akaja mwungwana kijana aitwaye Owain Glyndŵr, naye akamshuhudia Grosvenor. Nasimama kidogo kwenye jina hili. Miaka kumi na minne baadaye Glyndŵr angeinua bendera ya uasi dhidi ya Bolingbroke, ambaye wakati huo angekuwa Mfalme Henry wa Nne. Naye Hotspur angemgeuka mfalme huyohuyo na kuuawa vitani Shrewsbury mwaka 1403. Watu hao watatu, mwaka 1386, jina la kila mmoja liliandikwa kwenye jalada moja kwa ajili ya ngao ya mtu mwingine.

Mashahidi wa Cheshire hawakuwa waongo. Nimeshawishika kabisa juu ya hilo. Mamia ya watu waliapa upande huu na upande ule, na inawezekana kabisa kwamba kila mmoja alisema alichokiona. Uingereza ya wakati huo ilikuwa pana kwa mtu wa farasi. Bwana wa Yorkshire na bwana wa Cheshire wangeweza kuvaa rangi moja vizazi na vizazi bila kukutana, mpaka mfalme awaite wote kwenye jeshi moja.

Jambo hilo lilikuwa limeshamtokea Scrope hapo kabla. Katika ushahidi ilitajwa habari ya mwaka 1360, nje ya kuta za Paris, ambapo mtu wa Cornwall aitwaye Carminow alimpinga Scrope kwa nembo hiyohiyo, buluu na dhahabu. Carminow alidai ukoo wake uliivaa tangu enzi ya Mfalme Arthur! Waamuzi walisikiliza, wakaamua kwamba wote wawili waendelee nayo, kwa kuwa Cornwall ilikuwa nchi kubwa iliyowahi kuwa ufalme wake yenyewe.

Sasa kama Carminow aliruhusiwa, Grosvenor atakatazwa kwa sababu gani?

*

Aliyepaswa kujibu ni Konstebo Mkuu. Wakati ule cheo hicho hakikuwa cha polisi. Konstebo Mkuu na mwenzake Marshali walisimamia majeshi ya mfalme na kuamua mashauri ya vita, mateka na nembo. Mwenye cheo alikuwa Thomas wa Woodstock, Duke wa Gloucester, baba mdogo mwingine wa mfalme. Na kesi ilipokuwa inasubiri mikononi mwake, nchi ikawaka moto.

Gloucester na mabwana wenzake walikuwa wamechoshwa na vipenzi wa mfalme. Mwishoni mwa 1386 Bunge lilimwekea Richard kamati ya kumtawala, na Scrope akawa mmoja wa wanakamati. Desemba 1387 mfalme alijaribu kujibu kwa jeshi lililokusanywa Cheshire, kwa akina Grosvenor na majirani zao. Likasambaratishwa Radcot Bridge. Mwaka 1388 Gloucester na wenzake wakawapeleka marafiki wa mfalme kwenye kitanzi na shoka, huku Richard akiangalia bila uwezo.

Mwamuzi wa kesi yetu, kwa hiyo, alikuwa adui wa mfalme. Mlalamikaji alikuwa ameketi kwenye kamati iliyomfunga mfalme mikono. Mlalamikiwa alitoka jimbo lililomwagia mfalme damu. Hata hivyo mambo hayakunyooka hivyo kabisa, kwani mke wa Scrope, Blanche, alikuwa dada wa Michael de la Pole, mmoja wa vipenzi hao wa mfalme. Scrope hakuwa mtu wa kuwekwa kambi moja kirahisi.

Tarehe 3 Mei 1389 Richard aligeuza meza. Alitangaza kwamba sasa ni mtu mzima na atatawala mwenyewe. Gloucester akaondolewa katika baraza la mfalme.

Ndani ya mwezi huohuo Konstebo akasoma hukumu.

Nembo ya buluu yenye ukanda wa dhahabu, alisema Gloucester, ni ya Sir Richard Scrope. Mzee alikuwa ameshinda. Lakini hukumu haikuishia hapo. Kwa kuwa Sir Robert Grosvenor naye ameleta ushahidi wa maana, ataruhusiwa kuvaa nembo hiyohiyo, kwa sharti kwamba aizungushie pindo jeupe la fedha.

Yafikirie matokeo yake. Kama pindo la kanga linavyouzunguka mji wake, ndivyo mstari ule mweupe ungeizunguka buluu na dhahabu ya Scrope kwenye ngao ya mtu mwingine. Na tumeshaona nyongeza ya namna hiyo ilisema nini kwa macho ya watu wa wakati ule. Ilisema: huyu ni wa ukoo, ila ni wa tawi dogo. Grosvenor, aliyeapa kwamba babu zake hawakuwa chini ya mtu, angetembea na ngao inayomtangaza kuwa binamu mdogo wa Scrope. Na Scrope, aliyetumia karibu miaka minne kuthibitisha kwamba mtu huyu si damu yake, angemwona kila mahali amevaa alama ya damu yake.

Grosvenor hakukubali. Akakata rufaa.

Juu ya Konstebo palikuwa na mtu mmoja tu. Na mtu huyo alikuwa na kumbukumbu na Sir Richard Scrope. Mwaka 1382, Scrope akiwa Kansela, mfalme alianza kugawa ardhi na mapato kwa vipenzi wake kwa mkono wazi. Scrope alikataa kuweka Muhuri Mkuu kwenye hati zile. Mfalme akatuma watu wauchukue muhuri. Mwandishi wa habari za zama zile anasimulia kwamba Scrope aliwarudisha mikono mitupu, akasema atamkabidhi aliyempa, na si mwingine. Richard, aliyekuwa na miaka 15 tu, alilazimika kuupokea mwenyewe. Scrope akafukuzwa kazi.

Sasa kijana yule ana miaka 22. Maadui zake wameshawazika marafiki zake wengi, na Gloucester aliyetoa hukumu ya kwanza ni mmoja wa watu anaowachukia kuliko wote duniani. Angeweza kuitupa hukumu ile kwa sababu tu ya mkono ulioiandika. Angeweza kuwalipa watu wa Cheshire fadhila yao. Angeweza pia, kwa neno moja, kumlipa mzee wa Bolton ule muhuri wa mwaka 1382.

Jalada likapelekwa kwake. Mwaka mzima ukapita. Tarehe 27 Mei 1390, katika jumba la kifalme la Westminster, Mfalme Richard akatoa uamuzi wa mwisho, usio na rufaa. Na baada ya siku hiyo mmoja wa watu hawa wawili hakuwa tena na ukanda wa dhahabu, wala hata pindo.

ITAENDELEA JUMAPILI IJAYO